Madaraja Saba ya Mlinda Farasi

Jumapili, mchana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu zangu ziingie nyumbani kwa mpangilio: kwako wewe kwanza, kwa mama, kisha kwa shemeji na magoti yake yanayolia kama bawaba, na mwisho kwa Seremala, kama bado anakuja kula kwenu na kujifanya alikuwa anapita tu. Natumai hamjambo wote, na mama anameza dawa zake bila kuzificha chini ya sahani. Mimi huku sijambo. Viganja vimekauka kwa sabuni na joto, na nimekonda kidogo, lakini si kukonda kwa kuwatia hofu. Ni kule kukonda kwa mtu anayejipikia mwenyewe na kujisifu mwenyewe.

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Bahasha yako iliingia siku kumi na moja zilizopita, na tangu hapo imekaa mezani imeegemea kikombe, ikinitazama kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikiwa nimeketi, na mara moja nikiwa nimelala chali hadi ikaniangukia usoni. Najua umeahirisha mchezo Jumamosi mbili kwa ajili yangu, na kwamba hii ijayo haiahirishiki tena kwa sababu shemeji anasafiri kwenda kusahihisha mitihani. Kwa hiyo leo nimefunga dirisha, nimefungua kalamu, na sitainuka hapa mpaka nimekujibu.

Unaandika kwamba baada ya miaka kumi na miwili mmefika kwenye mlango wa mwisho wa ule mchezo wa hadithi aliotutungia baba. Niliposoma hapo niliiona meza ya jikoni, na baba akitandaza ile ramani ya kwanza aliyoichora nyuma ya kalenda kuukuu, akituambia kwamba ndani ya karatasi ile kuna mfalme aliyeibiwa usingizi na kwamba sisi ndio tutakaomrudishia. Dadu zilikuwa tatu, moja imelika kona. Sasa baba ametutoka, wewe umekalia kiti chake cha msimulizi, na mfalme maskini bado hajalala. Yuko nyuma ya mlango huo. Nawe umenitumia karatasi ya mtu wangu wa mchezoni, Taratibu, yenye visanduku saba vitupu ulivyovichora kwa rula, ukitaka nikuambie madaraja yake saba ya ujuzi niyagawe vipi kati ya fani: upanga, tiba au uchawi.

Utaniona narudia mambo unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie. Huku sina mtu wa kumsimulia, na jambo lisiposemwa muda mrefu linaanza kuonekana kama nimelibuni.

Sheria ya kwanza ya baba ilizaliwa Seremala alipougua surua, enzi hizo hata randa hajawahi kuishika. Alikosa Jumamosi mbili akalia kwamba tutamuua mtu wake yeye akiwa kitandani. Baba akasema hakuna anayekufa kwa kutokuwepo: asiyekuwepo analinda farasi. Wenzake wakiingia pangoni, yeye anabaki nje na wanyama, na wakipanda madaraja mawili yeye anapanda moja, kwa kuwa hata kungoja kunafundisha, ila polepole. Sheria ya pili tuliletewa na shemeji, wakati ule alipokuwa akikuchumbia kwa kisingizio cha mchezo. Aliandika fani zake kwa penseli, na kila alipoona jitu linakuja alifuta upanga akaandika uchawi. Tangu hapo madaraja hugawanywa kwa wino, kwa mkono wa mwenyewe, na kilichoandikwa kimeandikwa. Ndiyo maana hukunipigia simu kuniuliza, na ndiyo maana nami nimeogopa kalamu siku zote hizi.

Nilipoondoka nyumbani Taratibu alikuwa na madaraja matano, yote ya upanga. Katika miaka hii mitatu ninyi mmepanda kumi na manne. Yeye, nje huko na farasi, amepata saba ambayo hayajapewa fani.

Humo humo kwenye bahasha nimewakuta washauri wangu wawili. Shemeji amejaza ukurasa mzima wa hesabu, na jedwali, na chini yake amepiga mistari miwili kama anavyowafanyia wanafunzi wake: upanga matatu, tiba manne, na nisimwulize kwa nini. Seremala ameandika mistari miwili tu, kwa penseli yake nene ya kuchoria mbao. Anasema yote saba niyatie kwenye upanga, maana mshika mbili moja humponyoka, na mtu anayejua kidogo cha kila kazi ndiye anayekutengenezea meza ikabaki inayumba. Wewe hukushauri kitu, kwa sababu msimulizi haruhusiwi. Lakini nakujua. Pale uliponisimulia jinsi tabibu aliyefuatana na mtu wa Seremala alivyochukuliwa na mto, wino wako umekolea zaidi, na nikaelewa kwamba wale wawili wanaingia mlango wa mwisho bila mtu wa kumwinua atakayeanguka.

Nikapiga hesabu zangu. Daraja la nane la upanga ndilo linalompa mtu pigo la pili, na bila pigo la pili shemeji atakuwa peke yake mbele. Daraja la tano la tiba ndilo linalomwinua aliyeanguka. Kufikia nane nahitaji matatu, kufikia tano nahitaji matano. Hayo ni manane, nami nina saba. Nikielemea upanga, mtu ataanguka nami nimesimama na mapigo yangu mawili namwangalia. Nikielemea tiba, huenda asingeanguka kabisa kama ningekuwa na pigo la pili. Na ule mgawo wa shemeji, kwa heshima zote, unanipa tabibu wa daraja la nne, yaani tabibu anayejua kusafisha kidonda na kutoa pole.

Daraja moja tu, dada. Nililitafuta kila mahali. Nilihesabu tena Jumamosi zote kwenye barua zako, nikidhani labda umenipunja. Hukunipunja. Karatasi nikaanza kwenda nayo kazini mfukoni, kana kwamba huko litaongezeka.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, ambako mashine zinanguruma hivi kwamba wote tunavaa vizibo vya masikio tangu tunaingia hadi tunatoka. Ukitaka kumwita mtu unamrushia soksi. Mimi nakunja mashuka. Shuka linatoka kwenye mtambo wa kupiga pasi bado lina joto, mimi nashika pembe mbili na mwenzangu anashika mbili. Tunarudi nyuma mpaka likaze, tunalipiga mara moja linyooke, kisha tunatembea kuelekeana mpaka mikono yetu ikutane. Namkabidhi pembe zangu, nainama naokota mkunjo, tunaanza tena. Mashuka mia tatu kwa siku, wakati mwingine zaidi. Mwenzangu ni mzee mmoja mwembamba, ana nywele nyingi masikioni kuliko kichwani, na kimoyomoyo nimempa jina la Pembe. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitembea kumwelekea mtu huyu kutwa nzima, hadi vidole vyetu vigusane, na sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake.

Nikitoka hapo naingia chumbani kwangu. Kuna kitanda, meza na kiti kimoja. Mwenye nyumba aliwahi kuniuliza kama nahitaji kiti cha pili, nikamjibu haraka kwamba sina haja nacho. Baadaye nilijuta, kwa sababu nilijisikia kama mtu aliyetia sahihi jambo bila kulisoma.

Basi Alhamisi iliyopita umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja, watu wakatoa vizibo, na ukimya ulikuwa mkubwa hadi nikasikia maji yakidondoka upande wa pili. Karatasi ya Taratibu ilikuwa imenitoka mfukoni ikaingia kwenye mkunjo wa shuka. Pembe akaiokota, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza hivi visanduku ni vya nini. Dada, sauti yake ni nzito, hailingani naye hata kidogo, kama ameiazima.

Nilimweleza nikiwa nimeshajiandaa kuchekwa. Alikaa juu ya toroli akanisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akataka kujua kama huyo mfalme amewahi kujaribu kukunja mashuka, maana yeye Pembe hulala kama gogo. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliuliza kwa miaka kumi na miwili: mtu wangu akiingia ndani na wenzake, farasi watabaki na nani? Nikamwambia hawabaki na mtu, wanangoja tu, ni njia ya kuwapa kazi wasiokuwepo. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi mbovu.

Akanisimulia kwamba kabla ya mashuka alikuwa dereva wa basi la timu ya mpira, miaka kumi na tisa. Katika miaka yote hiyo hakuliona kwa macho yake hata bao moja la timu yake. Mechi ikianza yeye alibaki nje ndani ya basi, kwa sababu mabegi yalihitaji mtu na milango ilihitaji mtu. Lakini alisema hakuna aliyelazimika kumwambia matokeo. Aliyajua kwa viatu vyao kwenye kokoto kabla hawajafika. Na siku walizofungwa, walimpita kocha, wakawapita viongozi, wakaja moja kwa moja kwake, na wote walitaka kitu kimoja, kwamba awe yupo. Alisema wafungaji mabao walibadilishwa kila mwaka na yeye hakubadilishwa. Alisema haya bila majivuno, akiikunja karatasi yangu kwa pembe zake nne, kwa mazoea. Umeme ukarudi tukavaa vizibo. Ila jioni ile kila mikono yetu ilipokutana aliniitikia kwa kichwa, nami nikamwitikia.

Nilirudi chumbani nikiwa nimeshaamua, na hapo ndipo nilipokwama kabisa. Niliona siwezi kugawa daraja hata moja kabla sijakiri jambo kwako. Keti, kama umesimama.

Nilikuandikia mwaka wa kwanza kwamba kazini wameniweka zamu ya Jumamosi. Si kweli. Jumamosi tunafunga saa saba mchana, na kila saa kumi, mnapovuta viti mezani, mimi niko hapa nimeketi. Unakumbuka ulisema mtaiegemeza simu kwenye birika, nami nirushe dadu zangu na kukutajia namba, na kwamba huna haja ya kuziona kwa sababu unaniamini. Tulijaribu mara moja. Katikati ya mchezo shemeji alichora kitu, hadi leo sijui ni nini. Mkaangua kicheko, mama akaitwa aje aone, naye akacheka mpaka akakohoa, na mimi huku nikacheka. Nikakisikia kicheko changu chumbani, peke yake, kinacheka kisichokijua. Hakuna aliyekumbuka kuniambia. Simlaumu mtu, mlikuwa na furaha. Nikasema mtandao ni mbaya nikakata mwenyewe, na wiki iliyofuata nikabuni zamu. Nilikuwa mpweke, dada, na nikaona ni heri upweke usiosikia sauti zenu kuliko ule unaozisikia.

Kwa hiyo lile daraja moja nimeshalipata lilikokwenda. Kati ya Jumamosi kumi na nne mlizopanda, ningekuwepo mbili tu ningekuwa na manane leo, na yeyote atakayeanguka nyuma ya mlango ule ningemwinua. Nililitupa mimi, nikiwa mzima wa afya, nimenawa mikono, nimeketi bila kazi. Shemeji akianguka Jumamosi mjue ni kwa sababu hiyo, na mumwambie ukweli.

Lakini kuna nusu ya pili ya kukiri kwangu, na hii ndiyo inayonipa aibu zaidi, sijui kwa nini. Sikuwa nimeketi tu. Kila Jumamosi saa kumi kamili, kwa miaka mitatu, nimekuwa nikirusha dadu kwa ajili ya farasi. Kila mnyama dadu moja. Ikija moja anaumwa, ikija sita anapata jambo la heri, na matokeo nayaandika kwenye daftari. Limejaa, nimeanza la pili. Farasi wa Seremala amepoteza kiatu mara tisa. Farasi wa shemeji ameumwa tumbo mara nne, kwa sababu hata mnyama wake hajui kusema nimeshiba. Nimewahamisha kutoka kwenye upepo mlipokuwa pangoni, nimewavusha mto wiki ile tabibu alipochukuliwa, maana ulinisimulia kwenye barua nami nilihitaji kuwafikisha upande wenu. Na nyumbu wa baba, yule mbeba ramani ambaye baba alimweka ili na yeye awe na wake msafarani, bado yupo. Nilipomrushia dadu mara ya kwanza ikaja moja. Nikarusha tena. Hiyo ndiyo mara pekee niliyodanganya kwenye dadu, na sitaki kusamehewa.

Basi nimejaza visanduku vyote saba, kwa wino, kwa mkono wangu, na karatasi utaikuta nyuma ya barua hii. Yote saba nimeyaweka kwenye fani moja, kulinda farasi. Najua haimo kitabuni. Wewe ndiye msimulizi, itie. Utajua mwenyewe kila daraja linatoa nini, ila kama unataka maoni ya mtu aliyeifanya kazi hiyo, ningesema mapema kabisa mlinzi ajifunze kuwatuliza wanyama wasikimbie wakisikia kelele za ndani. Daraja la nne au la tano awatambue wenzake kwa mlio wa viatu kabla hawajatokeza. La saba nimelifikiria sana. Nafikiri mlinzi wa daraja la saba hawezi kukutwa ameondoka. Vyovyote mtakavyotoka, mkiwa mmeshinda au mmebebana, hata kama njia zimebadilika na mlango umefungukia upande mwingine wa mlima, mkitoka mtamkuta pale, na farasi wameshatandikwa.

Seremala atasema nimechanganyikiwa, na shemeji atadai nimetupa madaraja saba mazima. Huenda ni kweli. Najua upanga wangu unaweza kuhitajika ndani na nisiwepo, na nikisikia kwamba mmoja wao hakutoka itaniuma kama jambo lililotokea kweli. Lakini nimechoka kumwandikia Taratibu fani za mtu aliyekuwepo. Hakuwepo. Alikuwa na farasi, na hiyo kazi aliifanya vizuri.

Nina ombi moja. Jumamosi, iegemezeni simu kwenye birika. Nitakuwa na daftari mbele yangu. Sitasema neno mpaka mnihitaji, na mkicheka sitakata. Kama shemeji akichora kitu, mtu mmoja, hata kwa maneno matatu, anieleze ni nini. Pia Pembe ameuliza kama anaweza kuja kusikiliza, kwa sababu anataka kujua kama mfalme atalala. Jana nimemwomba mwenye nyumba kiti cha pili. Alikileta leo asubuhi, mguu mmoja mfupi, mwambie Seremala ajichekee.

Daftari la kwanza nalituma pamoja na barua. Msomee mama kurasa chache, hata kama haelewi. Umeniandikia kwamba kila Jumamosi akiwaletea chai anauliza kama mwanawe bado yuko na farasi, na kwamba ninyi mnacheka na kumjibu ndiyo mama, bado yuko nao. Swali hilo ndilo nililolisoma mara nyingi kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako. Safari hii mjibu bila kucheka. Mwambie ndiyo, bado niko nao, na wote wamekula.

Nafunga hapa kwa kuwa karatasi imekwisha na posta hufungua mapema kesho. Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia msalimie pia, pengine alisahau tu. Mungu awaweke.

Mdogo wako akupendaye,

Mlinda Farasi, daraja la saba